Nyumba ya Pazia Kando ya Ziwa

Niseme ukweli mapema ili tusisumbuane mbele: jirani yangu Pazia nilimwonea wivu tangu siku alipohamia. Sisi tulikuwa na chumba kimoja na kaukumbi. Humo nilikuwamo mimi, baba watoto, watoto wenyewe ambao hakuna hata mmoja anayejua kuomba maji bila kupiga kelele, na mama mkwe anayekoroma mchana kweupe. Upande wa pili wa ukuta, Pazia na mdogo wake walikuwa wawili tu, kila mmoja na chumba chake. Dada mtu alilala na cherehani, mdogo mtu alilala na vioo na mafungu ya nywele za bandia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yao yote ya nafasi. Nikiwaza hivyo sufuria zilikuwa zinasuguliwa mpaka zinalia.

Jina la Pazia lilitokana na kazi, la kuzaliwa sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Mteja akipiga simu, yeye huyo, tepu shingoni, penseli sikioni, ngazi ya kukunja kwapani. Anapima dirisha, anarudi kushona, halafu anakwenda tena kutundika. Kitambaa anakata mara mbili ya upana wa dirisha, ili pazia hata likifungwa lote libaki na mikunjo. Anayekata sawasawa na dirisha, anasema Pazia, huyo katundika shuka.

Kwa kazi hiyo amefika kwenye nyumba nyingi za watu kuliko hata wagombea wakati wa kampeni. Lakini amefika mpaka wapi? Mpaka dirishani. Fundi wa mapazia anapita sebuleni akitazama mbele, anaonyeshwa dirisha, anapanda, anashuka, anatoka. Mlango ulioachwa nusu wazi hausukumi. Chumba kisicho na dirisha hakijui. "Nimewashonea watu nyumba nzima," aliniambia siku moja, "na mpaka leo sijui stoo yao ikoje." Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia alivyodhulumiwa urithi.

Maana Pazia naye ana wivu, tena wa kwake ni wa aina yake. Magari ya watu hayamshughulishi, nguo hazimshughulishi, waume za watu ndiyo kabisa. Yeye anaonea wivu nyumba. Alikuwa anarudi kutoka kazini amevimba, hata salamu haitoki vizuri.

"Wana ngazi ya ndani, Mama Kelele." Ndivyo alivyoniita, nami nilishazoea. "Chini ya ngazi wameweka kabati. Na ndani ya kabati wameweka nini? Mifagio! Mimi pale ningeweka kitanda, taa na redio, nisitoke mpaka Jumatatu."

Kesho yake ilikuwa dirisha la jikoni linalotazama bustani. "Na mwenye nyumba hapiki! Ananiambia mwenyewe, anacheka, eti hajui hata chumvi inakaa wapi. Dirisha lile, mtu hapiki!"

Mimi naitikia, pole, pole, huku moyoni nasema: wewe unayelala peke yako kitanda kizima unalia nini?

Mdogo wake alikuwa msusi saluni, binti mwepesi wa kucheka, mikono yake haitulii hata akiwa amekaa. Mama yao alifariki huyu akiwa bado anafungwa kamba za viatu, na aliyezifunga tangu hapo ni Pazia. Kwa hiyo kwa binti yule Pazia alikuwa dada, alikuwa mama, na kukiwa na jambo la ukoo, alikuwa wazee wote kwa pamoja.

Basi mteja mmoja wa saluni alikuwa anahama mji, akamwachia mdogo mtu mashine ya gemu na diski moja ya gemu. Tivii ilikuwa chumbani kwa Pazia, kwa hiyo gemu lilichezwa huko, Pazia akiwa kwenye cherehani amekunja uso. Lilikuwa gemu la nchi ya kale ya kubuni, mapanga, mazimwi, wachawi, watu wanazunguka na farasi. Mdogo mtu akawa anakata vichwa na kushangilia. Pazia hakuinua macho. Aliniambia baadaye alidhani ni upuuzi mtupu, na kwamba kelele za panga zilimfanya achome sindano mahali pabaya.

Mimi nilikuwapo siku mambo yalipobadilika, maana nilikuwa napenda kukaa kwao kuliko kwangu na sikukosa kisingizio. Yule mtu wa kwenye gemu alikuwa anakimbia barabarani, akapita nyumba moja ya mawe yenye bomba la moshi na maua mlangoni.

"Simama hapo," Pazia akasema. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Nini, dada?"

"Ile nyumba. Inaingilika?"

"Inaingilika, lakini hakuna adui humo."

"Nani kakuuliza adui? Ingia."

Wakaingia. Mwenye nyumba, mzee wa ndevu, alikuwa anakula supu. Akainua kichwa, akasema karibu mgeni, akaendelea na supu yake. Pazia akaja taratibu akakaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa cha mteja kimemning'inia begani.

"Fungua ule mlango."

"Ni chumba cha kulala cha watu, dada."

"Fungua."

Wakafungua. Kitanda, sanduku, mshumaa. Wakafungua sanduku, wakaona shati na vitunguu. Wakapanda ngazi, juu kulikuwa na dari yenye magunia. Wakashuka chini ya sakafu, kulikuwa na mapipa. Mzee wa supu hata hakugeuka. Nilimtazama Pazia usoni nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona akitoka kwa mteja yeyote. Alikuwa ameshiba.

"Hawafukuzi mtu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ukiiba tu."

"Mimi niibe nini? Twende nyumba inayofuata."

Kuanzia hapo mdogo mtu akikaa kucheza hapati raha ya vita. Kila kijiji lazima waingie nyumba moja moja, mpaka ya mchimba makaburi. Mwisho akachoka, akampa dada yake rimoti ya gemu, akamwonyesha kidole gumba hiki kinatembea, hiki kinatazama. Siku za mwanzo Pazia alikuwa anatembea huku anaangalia mbingu. Mbwa mwitu walimla mara zisizo na idadi, kwa sababu badala ya kuchomoa panga alikuwa anachuchumaa. Lakini vidole vinavyopitisha uzi kwenye sindano vinafundishika. Akajua. Akawa anatembea nchi nzima, hapigani ng'o, anapita nyuma ya majoka kwa kunyata ili tu akaone jumba la upande wa pili lina vyumba vingapi.

Halafu siku moja akagundua kwamba humo mtu anaweza kumiliki nyumba.

Ilikuwa nyumba ya mbao na mawe, kando ya ziwa, nje kidogo ya mji. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Mdogo mtu alimsomea maandishi: nyumba hii anauziwa mtu aliyewatendea mema watu wa mji, na kibali anatoa mkuu wa mji mwenyewe. Ndipo nikashuhudia maajabu. Mwanamke aliyekuwa anamkimbia mbwa mwitu akavaa deraya na kuingia kazini. Alisaka majambazi. Alirudisha pete ya mjane. Aliua jitu lililokuwa linakula kondoo wa watu, jasho likimtoka kweli kweli, kanga imemlegea kiunoni, mimi na watoto wangu tumebanana mlangoni tunapiga makofi. Wateja wa mapazia wakawa wanaambiwa kitambaa hakijafika.

Alipopata ufunguo alitutoa nje wote. Alitaka kuingia peke yake.

Baadaye nilimuuliza ikoje. Wala hakunieleza mambo ya meko au ngazi. Alinieleza yale maandishi yanayotokea ukisogelea mlango. Nyumba nyingine zote yanaandika nyumba ya fulani. Ya pale ziwani yaliandika: nyumba yako. "Nilirudi nyuma," akasema, "nikausogelea tena mlango, nikarudi nyuma, nikausogelea. Kila mara yanaandika vile vile."

Nilirudi kwangu nikamkuta mama mkwe amelala kwenye mkeka wangu. Roho iliniuma. Sasa jirani ana nyumba mbili.

Alivyoitunza nyumba ile, ungedhani atakuja kukaguliwa. Alinunua rafu, akapanga vitabu kwa urefu. Vyungu alivitoa mapangoni kwa majitu, akavipanga jikoni kimoja kimoja, na gemu hilo kupanga chungu ni kazi, ukikiachia vibaya kinaviringika mpaka mlangoni. Alikuwa na kiti karibu na meko, cha mbao na ngozi, ambacho akimaliza kazi zote alimkalisha yule mtu wake hapo akamwacha tu, yeye mwenyewe akirudi kwenye cherehani. Ukimuuliza anafanya nini anasema, "Napumzika." Kinyongo chake kilikuwa kimoja: madirisha. Gemu zima, kuanzia kasri la mfalme hadi kibanda cha mvuvi, halikuwa na pazia hata moja, wala hakuna mahali pa kulitundika. "Walioitengeneza hii wanaishije huko kwao?" alikuwa anauliza. "Wanavaa wapi nguo?"

Ila mtu wa kwenye gemu alikuwa mmoja na dada walikuwa wawili. Mdogo mtu akitoka saluni anacheza vita vyake, halafu anakuja nyumba ya ziwani kutua mizigo. Pazia akirudi anakuta mapanga yamemwagwa sakafuni na mifupa ya joka juu ya meza ya chakula.

"Hivi wewe ulilelewa na nani?" nilimsikia kupitia ukutani.

"Na wewe, dada!"

"Basi nitoe mifupa mezani!"

Hayo yalikuwa madogo. Siku moja Pazia alifungua mlango wa nyumba yake, akakuta mwanamume amekaa kwenye kiti cha karibu na meko. Mtu mzima, kifua wazi, masizi mikononi. Akamwambia, karibu nyumbani mpenzi, nimekuandalia chakula.

Ukelele alioutoa ulimwamsha mama mkwe.

"Nani huyu? Nani huyu ndani kwangu?"

Mdogo mtu alikuja mbio na nywele za mteja wake wa nyumbani mkononi. "Ah, huyo! Ni mhunzi wa mjini. Tumemuoa."

"Tume nini?"

"Ukiwa na mume anakupikia, na ukila chakula chake unapata nguvu za vita. Ni mume wetu, dada."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Pazia hakucheka. Alijaribu kumwondoa yule mhunzi kwa kumsukuma, hasukumiki. Akajaribu kukaa kabla yake, lakini mhunzi alikuwa na desturi zake, kazi yake kuzunguka, kuchochea moto na kurudi kitini. Maneno yake yalikuwa machache na alikuwa anayarudia. Karibu nyumbani mpenzi. Nimekuandalia chakula. Upo salama nami. "Salama na nini?" Pazia anamjibu. "Jitu nimeliua mimi, wewe ulikuwa wapi?"

Ni wakati huo huo, na sidhani ni jambo la kushangaza, ndipo alipoingia wa kweli. Sinki la saluni lilikuwa linavuja, akaitwa fundi bomba. Sinki likapona, fundi akaendelea kuja kuliangalia. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi akiwa hana spana. Mdogo mtu alimpenda na hakuficha. Fundi akaja kujitambulisha kwa adabu zote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Una nyumba?"

Si unatoka wapi, si unafanya kazi gani. Una nyumba. Fundi akaeleza kwamba anajenga mwenyewe, kidogo kidogo, nje ya mji, imefikia kuezekwa. Ina ukumbi, ina vyumba, ina jiko lenye dirisha linalotazama mlima. Aliposema dirisha la jikoni nikamwona Pazia amemeza mate. Akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia, fundi. Neno lako kubwa. Nipe muda."

Fundi akampa muda. Akarudi Jumapili kuchukua jibu. Pazia alikuwa anashona. "Ngoja kidogo hapo nje, fundi, namalizia pindo." Fundi akakaa kwenye stuli karibu na mlango. Pindo halikwisha. Jua lilipozama akaaga, akaondoka. Jumapili iliyofuata akarudi, stuli ile ile, pindo lile lile. Mdogo mtu hawezi kuolewa bila neno la dada yake, na neno lenyewe dada kalikalia. Binti akaanza kukonda. Alipunguza kucheka, hata gemu akaliacha. Saa zake zote akawa kwenye simu na fundi, wananong'ona, wanasubiri.

Mimi nilijua Pazia anafanya nini. Mtaa mzima ulijua. Ila kila mtu alisema ni wivu wa nyumba, kwamba hapendi mdogo wake apate jiko lenye dirisha kabla yake. Na mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Kumbe na kule ziwani kulikuwa na jambo. Nalijua kwa sababu Pazia mwenyewe aliniambia, tena akijisifu. Humo ndani ya gemu unaweza kumwambia mtu wako akufuate. Alimsogelea mhunzi pale kitini, akamchagulia maneno: nifuate. Mhunzi akasimama, akasema popote uendapo nipo nawe. Pazia akatoka naye. Wakapita mji, wakapita mashamba, wakapita nyumba ya wageni ya mwisho, wakaanza kupanda. Walipanda mpaka barabara ikaisha na kukabaki theluji na mnara uliobomoka. Hapo Pazia akamchagulia maneno mengine: ningoje hapa.

"Nitakungoja," akasema mhunzi.

Pazia akashuka peke yake, akarudi kwake, akakaa kitini. "Na unajua, Mama Kelele, nilipumzika kweli. Vyungu vyangu, moto wangu, kimya."

"Mdogo wako akiuliza?"

"Nitasema kaenda kazini. Si mhunzi?"

Nilicheka, na nikamwonea wivu tena. Mama mkwe wangu ningempeleka mlima gani?

Sasa ile Jumapili. Nilikuwa nimepeleka sketi ya shule ya binti yangu ipunguzwe. Pazia yupo kwenye cherehani. Nje, fundi bomba yupo kwenye stuli, mkoba wa spana miguuni, maana alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Mlango umerudishwa, na chini yake tunaona viatu vyake vina matope. Mdogo mtu amekaa sakafuni, hasira zimemjaa, hasemi na mtu. Akawasha gemu, nadhani ili tu awe na kitu cha kupiga.

Joka likatokea. Akalichapa, likaruka likijikokota, akalifuata. Likaelekea milimani. Niliona Pazia ameinua kichwa, kisha akakiinamisha haraka. Binti akapanda, akapanda, theluji ikaanza, na joka likaangukia karibu na mnara uliobomoka. Akalisogelea akague mifupa yake. Pembeni kulikuwa na mtu amesimama. Kifua wazi, masizi mikononi, theluji inampiga usoni.

Mtu yule akageuka. Mdogo mtu akasoma kwa sauti, bila kukusudia, kama alivyozoea kumsomea dada yake.

"Umerudi. Nilijua utarudi."

Cherehani ikanyamaza.

"Dada, huyu umemleta wewe huku?"

"Alikuwa anakaa kwenye kiti changu."

"Ungeniambia nikamtoa."

"Ningekuambia nini? Nyumba ile niliitafuta mimi. Vyungu nilipanga mimi. Wewe ukaja na mwanamume ukamkalisha, hata kuniuliza hukuniuliza!"

"Huyu sikukuuliza kwa sababu ni gemu!" Sauti ya binti ilipanda ikapasuka. "Yule pale nje nilikuuliza. Nimekuuliza, nimekupigia magoti, yeye amekuja na shikamoo yake kila Jumapili, na wewe umemfanya hivi hivi. Ningoje hapa, fundi. Ningoje hapa. Utamshusha lini, dada? Au tumwache na yeye mpaka agande?"

Nje, viatu vya matope vilisogea kidogo. Fundi alikohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka ijulikane kwamba hajasikia kitu.

Mimi nilipaswa kuondoka. Sketi ilikuwa tayari. Sikuondoka.

Pazia alikuwa ameshika tepu yake kwa mikono miwili, anaikunja, anaikunjua. "Mnasema ni wivu," akasema. "Nawasikia. Huyu Mama Kelele hapa ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote." Nilitazama dari. "Ni kweli nina wivu. Lakini si wa nyumba yake. Jiko likitazama mlima litajaa upepo, na ukumbi wake ni mwembamba, nimeshaujua kwa namna alivyoueleza. Namwonea wivu yeye. Ataamka na wewe upo. Atakukuta umeacha nywele kwenye sabuni, atakugombeza yeye, si mimi. Mimi nimekufunga kamba za viatu, halafu anatokea mtu na spana, sinki limevuja mara moja tu, anakuchukua. Nisione wivu? Mimi ni ukuta?"

Binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akamshika dada yake miguu pale pale chini ya cherehani, na Pazia akamwacha kwa muda, mkono kichwani kwake, anarekebisha msuko ambao haukuwa na kasoro yoyote. Halafu akasimama, akavuta mlango.

"Fundi, ingia."

Fundi alisimama ghafla mpaka stuli ikaanguka. Aliingia ameinama, ingawa mlango ulimtosha. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jibu langu ni ndiyo. Na ule ukumbi uuongeze upana kabla ya kupiga lipu, hautoshi."

"Sawa, dada. Asante, dada." Hakujua pa kutazama, akatazama tivii. "Huyu kwenye baridi ni nani?"

"Mume mwenzako," nikasema mimi, na hapo wote tukaangua kicheko, hata Pazia.

Harusi ilipita vizuri. Mapazia ya nyumba ile yalishonwa na mtu ambaye hakubana kitambaa: mara mbili ya upana, na mengine zaidi, mpaka fundi bomba akauliza kama madirisha yataonekana. Mimi nilikwenda kumshikia ngazi. Mdogo mtu alitufungulia kila mlango, kabati, stoo, mpaka kifuniko cha tangi. Pazia akaona kila kitu. Njiani tukirudi hakutaja hata kitu kimoja alichokionea wivu, nikaanza kumhofia.

Mashine ya gemu mdogo mtu alimwachia. Vyumba vyote viwili vikawa vya Pazia. Cherehani akaihamishia chumba cha mdogo wake, kwake akabaki na kitanda, meza na nafasi ya kutembea. Nafasi ya kutembea! Nilimwambia baba watoto, mwone yule, mtu mmoja, vyumba viwili, ufunguo mmoja, na hakuna wa kumgusia vitu vyake. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa kwenye ndoo kwa kuwa stuli ilikuwa na mtu. Kijicho kilinipanda upya kama vile ndiyo kwanza anahamia.

Kule ziwani mhunzi alikuwa ameshashushwa mlimani na binti kabla hajaondoka. Niliingia siku moja nikamkuta amekaa kitini, na Pazia amemwacha akae. "Si anasema karibu nyumbani," Pazia akaniambia, wala hakunitazama.

Halafu alikuja kwetu. Ilikuwa jioni, nimeinjika maharage, hayajaiva. Watoto walikuwa wanavutana shuka, kila mmoja ana pembe yake, na mdogo wao yupo katikati analia. Mama mkwe anakoroma. Baba watoto anatafuta kiatu chake kimoja na kumlaumu kila mtu kwa zamu. Pazia akasimama mlangoni. Nilijua amekuja kulalamika juu ya kelele, nikajiandaa na maneno yangu. Akaniuliza tu kama anaweza kukaa. Hakukuwa na pa kukaa. Akasogeza nguo zilizofuliwa, akakalia ukingo wa kitanda.

Alikaa anatazama. Shuka likachanika, watoto wakanyamaza kidogo kwa woga, wakaanza tena.

"Jirani," akasema, "nakuonea wivu mpaka nasikia vibaya."

"Mimi?" Nilidhani ananitania. "Wivu wa nini, hapa?"

Hakuonyesha kitu chochote. Alitikisa kichwa tu na macho yake yakajaa.

Najua mtu mwema angefanya nini. Angemshika bega, angemwambia maneno. Lakini katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunionea wivu, hata siku ya harusi yangu. Nilinyoosha mgongo. Nilimtupia jicho baba watoto kuona kama amesikia. Kisha nikamchukua yule mtoto anayelia, na mafua yake, nikampakatisha Pazia, nikapunguza moto wa maharage ili yachelewe, naye akae zaidi.